Kiti cha Namba Moja

Mjukuu wangu alipokuwa namba moja, nilimpeleka kanisani. Ujumbe wa shule uliingia kwa simu Ijumaa jioni. Kusoma si kazi yangu, darasa la tatu ndilo la mwisho nililokalia, lakini namba nazijua. Niliona moja. Nikaizima simu, nikaiwasha, ikawa bado moja. Tangu aingie kidato cha kwanza ilikuwa mbili, muhula baada ya muhula, mpaka nikadhani shule iliandika hiyo mbili mara moja ikaiacha hapo.

Mimi ni mtu wa kujisifu na sijifichi. Hapa mtaa wa Jamhuri nakaa chumba cha uani nyuma ya nyumba ya watu, nafua nguo za watu, na msichana huyu ndiye kitu nilicho nacho cha kuonyesha. Mama yake, binti yangu, yuko Qatar anatandika vitanda vya hoteli. Mimi ndiye mzazi hapa. Jumapili pasta alipouliza nani ana shukrani, nilisimama kabla hajafunga mdomo. Kina mama wakatoka na wimbo, mmoja akamfunga mtoto leso kiunoni, tukamzunguka tukicheza mpaka mbele. Yeye alisimama katikati yetu kama nguzo ya stima. Nikasema moyoni, ni haya za kisichana.

Nyumbani nilikuwa nimechinja. Nikamwekea paja.

"Kwani hufurahi?"

"Nafurahi, shosho." Ananiita shosho kama watoto wote wa Nairobi, ingawa kwetu magharibi hatuiti hivyo.

"Uso wako haujaambiwa."

Akauma nyama kidogo, akaitafuna muda mrefu. "Namba wani alikufa likizo," akasema. "Ndiyo maana nikasonga."

Nilikuwa na ugali mkononi. Nikauchovya kwenye mchuzi, nikaula. Mtu mwingine angeacha kula. Mimi nimezika mume, nimezika watoto wawili, nimezika dada zangu wote, na mahali pale ambapo habari hizi huingilia pamekuwa kama kisigino changu. Kisigino changu unaweza kukichoma sindano nikaendelea kuongea na wewe. Nilimwambia, "Pole." Akasema, "Asante." Tukamaliza kuku.

Mambo mengine aliniambia siku za mbele, moja leo, jingine baada ya wiki, mimi nikiwa naanika nguo na yeye akinipa vibanio. Shule yake ni ya wasichana, ya kutwa, huku upande wa Ngong Road. Darasani hawakai wanapotaka. Wanakaa kwa maksi. Wa kwanza anapewa kiti cha mbele karibu na dirisha, wa pili nyuma yake, wa tatu nyuma ya huyo, hivyo hivyo mpaka wa mwisho aliye karibu na mlango na ndoo ya kupigia deki. Kila mtihani ukirudi wanabeba mabegi wanahama. Walimu wanasema inawapa bidii. Huyo msichana wa kwanza hakuwahi kuhama. Mjukuu wangu naye hakuhama, kwa hiyo miaka hiyo yote alikuwa akiangalia shingo ya mwenzake. Aliniambia anaijua ile shingo kuliko uso.

Yule msichana wa kwanza alikuwa na ugonjwa wa damu, ule wa seli mundu ambao kwetu magharibi kila ukoo unaujua. Alikuwa akikosa shule wiki nzima, anarudi macho ya manjano, anafanya mtihani, anawapita wote. Likizo ya Agosti maumivu yalimshika, wakampeleka hospitali, hakutoka. Alizikwa huko kwao, mbali, kabla shule hazijafunguliwa. Siku ya kufungua, walimu walisema kwenye paredi kwamba mwenzao ameitwa na Mungu, wakaomba, wakawaambia waliokuwa wanalia waende wakanawe uso. Baada ya hapo ukaja mtihani wa kufungua shule. Ukasahihishwa. Wakaambiwa wahame.

"Ukahama?" nikamuuliza.

"Mwalimu alisema namba wani mbele. Nikabeba begi."

"Na hukulia?"

"Sikulia."

Hakulia hata mbele yangu. Alikuwa akifika nyumbani anakaa kitandani na yunifomu, begi liko mgongoni, kama mtu anayengoja kuitwa. Nikimwambia vua, anavua. Nikimwambia kula, anakula, na nisipomwambia hali. Nilimpikia mrenda, nikampikia samaki, nikamtukana kidogo. Nilimnunulia dawa ya minyoo. Sikuwa na jingine. Sisi wawili tuliishi muhula ule kama watu waliokaa benchi moja hospitalini, kila mtu na cheti chake.

Kisha shule ikapiga simu. Mzazi aje.

Nilivaa viatu vya kanisani. Ofisini alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya kufungua mlango, na mjukuu wangu amesimama kando ya kabati mikono nyuma. Juu ya meza kulikuwa na karatasi.

"Mama, tazama. Mtihani wa katikati ya muhula. Ameandika jina, akakunja mikono."

"Karatasi gani?"

"Zote. Hesabu, Kiswahili, Kemia, zote. Jina zuri, mwandiko mzuri, basi."

"Labda hajui majibu."

"Anayajua kuliko mimi. Ndiyo maana nakiita kiburi."

Nikamgeukia. "Wewe, ni kiburi?"

"Hapana, shosho."

"Ni nini?"

"Sijui."

"Unaona?" akasema naibu. "Ndiyo majibu yenyewe. Sijui. Ukimpigia kelele, sijui. Ukimbembeleza, sijui."

Nikamwambia kwamba mtoto amefiwa na mwenzake na amekalishwa kwenye kiti chake, labda kiti kinamkataa. Naibu akavua miwani. Bila miwani alionekana kama mtu aliyelala vibaya mwezi mzima.

"Mimi nilimfundisha yule msichana Kemia," akasema. "Unafikiri mimi ni jiwe? Lakini nina darasa zima la watoto waliofiwa, na nikimwachia mmoja asiandike, kesho nina darasa zima lisiloandika. Mtihani wa kufunga muhula uko mbele. Akileta karatasi tupu tena, mtafute shule nyingine."

Sikubishana. Nilitoka nikasimama nje kwenye jua, na nilichokijua ni hicho kimoja, kwamba msichana huyu akifukuzwa, hakuna shule nyingine. Hii tuliipata kwa sababu ya maksi zake za shule ya msingi. Nilijua hivyo, lakini kifua hakikupiga. Niliangalia tu wasichana wakicheza netiboli, nikafikiria nguo nilizoacha kwenye maji.

Mwalimu wa ushauri akanifuata hapo. Ni msichana mdogo, anafundisha Biolojia, huo ushauri aliongezewa juu. Hana ofisi. Chumba alichopewa ni stoo ya michezo, magongo ya hoki upande huu, nyavu upande ule, na wanafunzi hawakanyagi humo kwa sababu ukionekana unaingia, kufika saa kumi umeshasemwa una mimba au umerukwa na akili. Kwa hiyo amejifunza kuwatafuta kwa ujanja. Anamwita mtoto amsaidie kujaza mipira upepo. Mtoto anasukuma pampu, wanaongea, anayepita anaona pampu tu.

"Wako amejaza mipira yote ya shule," akaniambia. "Hajasema neno."

"Nyumbani pia hasemi mengi."

"Shosho, nimeomba waache hii ya kukaa kwa maksi. Hata kwa darasa lile peke yake. Nimeambiwa tutaongea mwakani."

"Yule mtoto alizikwa mbali?"

"Mbali. Lakini mama yake amesharudi. Anakaa Kileleshwa."

"Mlienda kumpa pole?"

Akaangalia viatu vyake. "Tuliambiwa tusimsumbue. Familia ipewe nafasi."

Hilo sikulielewa na bado silielewi. Kwetu mtu akifiwa unaenda. Sisemi kuna akili nyingi ndani yake, ni kama kunawa mikono kabla ya kula, unafanya tu. Unaanza kulia ukiwa njiani ili wenye nyumba wasikie mtu anakuja, unafika, unakaa chini, unakula chao, unaondoka. Nikamwambia mwalimu Jumamosi nitaenda, na mtoto nitamchukua. Alitaka kuja, ila aliogopa naibu. Akanionyesha jengo kwa simu, akanitajia na rangi ya geti.

Jumamosi nilibeba sukari, majani ya chai, na kuku jike hai ndani ya kikapu. Mjukuu wangu aliposikia tunakokwenda alisema, "Shosho, siwezi." Nikamwambia, "Sijauliza kama unaweza. Beba sukari."

Getini kulikuwa na mlinzi, kijana wa kwetu, nilimjua kwa ulimi.

"Mama, hiyo kuku sheria ya hapa hairuhusu."

"Sheria inajua nimetoka wapi?"

"Inajua lifti tu, mama. Juzi mtu alileta mbuzi, karibu nifutwe."

"Na huyo mbuzi alienda wapi?"

"Alipanda ngazi," akasema bila kucheka. Halafu akaniuliza tunaenda kwa nani, nikamtajia ghorofa. Akachukua kikapu kwa mikono miwili akakiweka ndani ya kibanda chake. "Nitamweka. Mwambieni mama kuku wake yuko hapa. Mwambieni ni kutoka nyumbani."

Ndani ya lifti nilijaribu kulia. Hapo ndipo pangekuwa njia. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka, nikaufunga. Mjukuu wangu alikuwa akiangalia namba zikipanda. Ghorofani ni vigae vinavyong'aa na milango imefungwa, huwezi kujua ni nyumba gani imefiwa na ni ipi inaangalia mpira.

Mama mwenyewe ndiye alifungua. Alikuwa na dera na kilemba kimelegea, mwanamke bado kijana, anafanya kazi ofisi za Hurlingham lakini alikuwa amechukua likizo. Msichana wa kazi alikuwa amemrudisha kwao kwa sababu hakutaka mtu wa kumwangalia. Runinga ilikuwa inaonyesha picha bila sauti. Nikasema sisi ni watu wa shule, yaani huyu ndiye wa shule, mimi ni nyanya yake.

"Hakuna mtu wa shule amekuja," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia maji yamepotea.

Tukakaa. Mjukuu wangu alikaa ukingoni mwa kochi, sukari iko mapajani. Mama yule akamtazama, akamtazama.

"Wewe ndiye wa nyuma yake."

"Ndiyo, auntie."

"Alikuwa anakuita hivyo tu. Wa nyuma. Wa nyuma amesema hivi, wa nyuma amevaa soksi za kaka yake."

"Sina kaka. Zilikuwa za shosho."

Mama yule akatoa pumzi puani, karibu kicheko. "Kile kiti bado kinachechemea?"

"Mguu mmoja ni mfupi. Alikuwa anaweka karatasi. Akiegemea nyuma kinagonga deski yangu."

"Na sasa nani anakaa pale?"

Nilijua swali limefika. Ningeweza kujibu mimi. Nikamwachia mtoto.

"Ni mimi," akasema mtoto.

"Tangu lini?"

"Tangu mtihani wa kufungua."

"Walikupeleka hapo."

"Waliposoma majina. Nilikuwa wa kwanza."

Mama yule akainamisha kichwa, na alipokiinua uso wake ulikuwa umebadilika, ulikuwa mgumu. "Ulifurahi?"

Ni swali baya kumuuliza mtoto. Nilishika mkono wa kochi ili nisimame. Lakini mjukuu wangu alishaanza kuongea, kwa ile sauti yake ya chini ambayo nilikuwa nimeizoea kama sauti ya friji ya mwenye nyumba.

"Kidogo," akasema. "Waliposoma jina langu. Nilifurahi kidogo, kabla sijakumbuka. Nilisema yes."

"Ulisema yes."

"Kwa mdomo. Watu walisikia."

Hapo ndipo nilipojua. Muhula mzima nilikuwa nalisha mtu aliyekuwa na hilo tumboni, na juu yake nikampeleka kanisani akafungwa leso.

Runinga ilikuwa inaonyesha tangazo la sabuni. Kisha yule mama akasema, "Muhula wa pili mlipitana kwa maksi ngapi?"

"Tatu."

"Alikuja hapa, pale unapokaa wewe, akatupa begi. Akalia mpaka nikafikiri ni maumivu. Nikakimbilia dawa. Akaniambia si maumivu, ni wa nyuma, ananipumulia shingoni. Akasema siku ukimpita atahama shule." Akajifuta pua kwa upande wa kiganja. "Alikuwa anakuogopa wewe kuliko hospitali."

"Mimi?"

"Wewe na soksi zako."

Mjukuu wangu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikatoka vibaya, na nyuma yake kikatoka kile kingine. Sijawahi kusikia sauti ile kwake hata alipokuwa mtoto wa kunyonya. Sukari ilianguka. Mama yule akashuka kwenye kapeti, akamvuta, wakakaa chini wote wawili, huyu analia na yule analia, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Mimi sikulia. Nilikaa nikingoja kuona kama itakuja, haikuja. Nikainuka nikaingia jikoni. Sinki lilikuwa limejaa vikombe, vikombe tu, hakuna sahani hata moja, nikajua huyu naye hali. Nikavua saa nikaosha. Maji yalikuwa ya moto kutoka ukutani. Nilisikia sauti zao nikawa nasugua, nilikuwa kama mtu anayesikia mvua akiwa ndani. Nikapika chai, nikatafuta unga nikaupata, nikasonga ugali, nikakaanga mayai. Nilipowaletea walikuwa wanaongea juu ya mwalimu fulani anayetembea kama bata.

Wakala. Katikati ya kula mama yule akamwambia, "Nasikia huandiki."

Mwalimu wa ushauri alikuwa amempigia simu kabla hatujafika, hilo nililijua baadaye.

"Siandiki."

"Kwa nini?"

"Nikiandika nitabaki pale mbele."

"Na usipoandika?"

"Watanifukuza."

"Kwa hiyo wewe unaondoka, na yeye ameondoka. Basi watu watasema mtoto wangu alikuwa anashindana na ukuta." Akamwongezea yai. "Mimi siwezi kukuambia ukae wapi. Hata chumba chake sijafungua, nitakuambia nini wewe. Lakini kukuogopa alikuogopa kweli. Hilo usiliharibu."

Hakumwambia alimsamehe, na mtoto hakuomba. Tulipoondoka alitushukuru kwa kuku ambaye hajamwona.

Jumatatu mjukuu wangu alienda mwenyewe kwa naibu, kabla ya kengele. Mimi sikuwepo, aliniambia mwalimu wa ushauri. Alisema ataandika, lakini hatakaa kwenye kiti kile, na hatakaa kwa maksi, akae popote pengine hata kwa ndoo. Naibu alimwambia mwanafunzi hapangi masharti. Mtoto akasema, "Si sharti, mwalimu. Pale siwezi kuandika." Naibu akamwita mwalimu wa ushauri, wakafunga mlango, wakaongea mpaka kipindi cha kwanza kikapotea. Mwishoni darasa lile likaruhusiwa kukaa litakavyo mpaka shule ifungwe, na ikasemwa ni majaribio, na yakienda vibaya mwalimu wa ushauri ndiye atakayejibu. Ile deski ya dirishani ikaachwa. Hakuna aliyeiondoa. Kwanza waliikwepa, halafu wakaanza kuweka vitabu juu yake, halafu siku moja msichana mmoja aliyeumwa na kichwa akakaa hapo kwa sababu ya hewa, akainuka akaondoka, basi.

Mjukuu wangu alichagua katikati, karibu na msichana anayeongea sana. Ananiletea maneno ya huyo msichana nyumbani mpaka masikio yanachoka. Usiku wa mtihani alilala. Asubuhi alilia kidogo akifunga viatu, akaenda. Sasa analia mara kwa mara, mahali popote, akichambua mboga, akipiga mswaki, na mimi namwachia. Mwalimu alisema nimwachie. Ningemwachia hata bila kuambiwa, sina nguvu ya kumzuia mtu.

Shule ilipofungwa niliitwa tena. Naibu alikuwa na karatasi mezani, safari hii zimejaa wino.

"Ameandika zote," akasema. "Isipokuwa Hesabu aliacha nusu."

"Kwa nini nusu?"

"Muulize."

Nikamuuliza pale pale. Akasema Hesabu ndiyo walikuwa wakishindana sana, alifika katikati akachoka, akaweka kalamu, akaona kwamba imetosha kwa leo.

"Imetosha kwa leo," naibu akarudia. Alinitazama mimi, kama kwamba ni mimi niliyesema. Kisha akazipanga karatasi, akazigonga mezani zikakaa sawa. "Ni wa kumi na nne. Kwa kichwa kile, wa kumi na nne."

"Anabaki?"

"Anabaki."

Watu huniuliza kama nilifurahi. Mwalimu wa ushauri aliniuliza hivyo pale nje, uso wake wote unacheka, na binti yangu akaniuliza kutoka Qatar. Niliwaambia ndiyo. Ukweli ni kwamba nilisikia kama mguu uliokufa ganzi ukianza kurudi, bado si mguu, ni mahali tu unapojua mguu uko. Mtoto alikuwa ametangulia getini na yule mwenzake wa maneno mengi, hakugeuka kuniangalia, na nikatembea polepole nyuma yao nikiwasikia wakibishana nani kati yao atamnunulia mwenzake mahindi.